Rob, Steal, na Yale Niliyomsemea Wafula

Ruiru, Jumapili mchana

Nyokabi, maitu, mama yangu mdogo,

Sweta, blanketi, dawa ya malaria, kufuli ya chumba cha kupanga, watu wa kutoaminiwa njiani: hayo mama yako amekuambia tangu Jumatano na mimi sina la kuongeza. Mmekwenda Theta kumuaga shosho, nyanya yako, nami nimesingizia goti ili nibaki. Goti haliniumi. Nilitaka nyumba iwe tupu kwa saa chache niandike hii, maana wiki hii nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu, na kila mara nikaishia kukuuliza kama umekula.

Kesho unakwenda kuanza kazi ambayo nimeifanya miaka ishirini na miwili. Utasimama katikati ya hakimu na mtu aliye kizimbani, na hawatasikiana ila kupitia kinywa chako. Siku barua yako ya kazi ilipofika ulitoka posta mbio ukaniambia, "Baba, nitakuwa kama wewe." Mama yako akapiga vigelegele hadi wapangaji wa ploti yote wakatoka nje kuuliza nani ameolewa. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama karibu na tangi la maji. Mlidhani nilikuwa nalia kwa furaha, na nikawaacha mdhani hivyo.

Maitu, usiwe kama mimi. Nitakueleza kwa nini, na nitaanza mbali kidogo, kwa sababu kosa langu halikuanzia kortini.

Nilisoma shule ndogo ya misheni upande wa Thika. Nikiwa na miaka kama kumi na miwili, kalamu yangu ilichukuliwa nikiwa uwanjani. Nikainua mkono darasani nikasema kwa Kizungu changu: "Sir, I was stolen my pen." Mwalimu aliniita mbele. Akaniuliza kama mimi ni kalamu. Nikasema hapana. "Basi wewe huwezi kuwa stolen," akasema. "Kalamu ndiyo stolen. Mtu ni robbed." Akanichapa viwili vya mkononi, kisha akaandika ubaoni: kitu ni steal, mtu ni rob. Darasa zima likakariri kwa sauti.

Sheria ile niliishika kama amri ya kumi na moja. Unajua watu wetu wanavyosema hadi leo, "I was stolen my goat," "I was stolen my radio." Kila nilipolisikia nilirekebisha, kortini na hata kanisani. Hapa mtaani wakaniita Profesa. Watu wa Membley wenye magari yao walikuwa wakituma mtu aniletee barua zao nizitazame kabla hazijapelekwa ofisini. Nilipenda hivyo, Nyokabi. Nilipenda kuliko nilivyopenda mshahara. Baba yangu alichuma kahawa ya watu maisha yake yote, na mimi mwanawe nilikuwa narekebisha Kizungu cha mameneja.

Sasa nikuambie habari ya Wafula.

Ilikuwa mwanzo wa miaka hii ya tisini, wewe ukiwa darasa la tano. Korti siitaji jina na hakimu simtaji, kwa sababu kosa halikuwa lao. Wafula alikuwa kijana wa kutoka upande wa Bungoma, mchonga mawe, aliyekuja huku kutafuta kazi kwenye machimbo. Alikuwa na mke anayeitwa Nekesa na mtoto mchanga, na huku kwetu hakuwa na ndugu wala rafiki. Siku moja alipita dukani akakuta baiskeli ya mzee mmoja wa kuuza maziwa imeegemezwa ukutani. Mzee alikuwa ndani. Wafula akaipanda akaenda. Mzee alitoka akamkimbiza, akateleza kwenye mtaro, akavunjika mkono. Polisi walipomwuliza alisema amesukumwa. Labda aliamini hivyo. Mtu akianguka hutafuta aliyemwangusha.

Wafula hakuwa na wakili. Alikuwa na mimi.

Hakimu wa siku hiyo alikuwa amekulia ng'ambo, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuomba chai. Nikasoma shtaka. Kwa Kizungu lilisema kwamba Wafula "robbed" yule mzee baiskeli yake na kwamba alitumia nguvu kwa kumsukuma. Nikamgeukia nikamwambia, "Unashtakiwa kwamba ulimwibia mzee huyu baiskeli, na ukamsukuma akaanguka. Ni kweli ama si kweli?"

Akajibu bila kusita. Nayakumbuka maneno yake yote. "Nilimwibia, hiyo ni kweli. Lakini sikumsukuma. Yeye alikuwa nyuma, mimi nilikuwa mbele na baiskeli. Ningemsukuma namna gani?"

Nikatafsiri: he robbed him, lakini hakumsukuma.

Hakimu akaweka kalamu chini. Akasema hayo mawili hayawezi kukaa pamoja, nimwulize tena. Nikamwuliza Wafula, "Ulimwibia ama hukumwibia?"

"Nimesema nilimwibia."

"He robbed him, Your Honour."

Hakimu akanitazama juu ya miwani. Na hapa, Nyokabi, ndipo Mungu alinifungulia mlango nami nikaufunga kwa mkono wangu. Aliniuliza, polepole kabisa, kama hilo ndilo neno la mshtakiwa mwenyewe. Rob? Si steal?

Kama ningesema, "Mheshimiwa, sina hakika," yangeisha pale. Lakini nilikuwa Profesa. Nilisimama wima nikamweleza hakimu kwamba Kiswahili kina neno kuiba, la kitu, na neno kuibia, la mtu. Mshtakiwa hakusema aliiba. Amesema alim-wibia, na ile "m" ni ya mtu. Kitu ni steal, mtu ni rob. Nilisema hivyo mbele ya korti nzima kwa Kizungu kilichonyooka. Hakimu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejifunza jambo, akanishukuru, akaandika kwamba mshtakiwa amekiri. Mambo ya kusukuma akaona ni mtu anajaribu kupunguza kosa lake baada ya kulikubali.

Miaka mitano na viboko.

Nilipomtafsiria, Wafula hakulia. Aliniuliza mimi, wala si hakimu: "Umemwambia vile nilivyosema?"

"Nimemwambia vile ulivyosema," nikamjibu.

Nyuma kule Nekesa alikuwa amesimama na mtoto mgongoni. Hakuwa amejua kwamba imekwisha. Askari ndiye aliyemwambia atoke.

Jioni hiyo nilikuja nyumbani na nyama. Nikawaambia mezani kwamba leo nimemfundisha hakimu sarufi. Wewe ulicheka ukaniomba nikufundishe pia, nikakukaririsha: kitu ni steal, mtu ni rob. Mama yako akasema utakuwa mtu mkubwa.

Miezi minane baadaye ulikuwa darasa la sita. Ulikuja na zoezi la Kizungu ukakaa pale kwenye stuli karibu na jiko la makaa. Lilikuwa la kujaza nafasi, rob ama steal, na ulikuwa umekosa matatu kati ya kumi. Hukukasirika. Ulikuwa na furaha ya mtoto aliyepata kitu cha kumletea babake. Ukasema:

"Baba, ile yako ni nusu. Mwalimu amesema rob unaweka mtu kwanza, halafu of, halafu kitu: they robbed the man of his bag. Steal unaweka kitu kwanza, halafu from, halafu mtu: they stole the bag from the man. Zote mbili zinaweza kuwa na mtu. Lakini rob ni mpaka umshike ama umtishe. Kama hakuna nguvu ni steal, hata kama unamjua mwenye kitu. Kwa hivyo 'aliniibia nikilala' si he robbed me. Ni he stole from me."

Nilikupiga kofi.

Sijui kama unakumbuka. Mimi nakumbuka sauti yake, na vile daftari lilivyoangukia kwenye majivu, na damu kidogo kwenye mdomo wako. Mama yako alipotoka jikoni kuuliza nikasema umenijibu vibaya. Uliliokota daftari lako. Toka siku hiyo hukuniletea tena zoezi la Kizungu, ulilifanya peke yako, na mitihani yote uliyopita uliipita bila mimi. Watu wananipongeza kwa Kizungu chako. Nimekuwa nikipokea pongezi hizo miaka saba.

Nilikupiga kwa sababu kabla hujamaliza sentensi yako nilikuwa nimekwisha kumwona Wafula.

Asubuhi yake nilifika ofisini kabla ya watu, nikafungua kamusi kubwa. Ilisema kama wewe. Nikafungua kitabu cha sheria, na huko ilikuwa wazi zaidi: bila nguvu wala tishio, hakuna rob. Kiswahili chetu humtia mtu ndani ya tendo hata kama hakuwepo. Ukirudi nyumbani ukute kuku wameenda unasema umeibiwa, na hakuna aliyekugusa. Kizungu hakikuruhusu uingie hapo kwa urahisi hivyo. Kina kineno kidogo cha kumweka mwenye mali pembeni, from. He stole a bicycle from him. Hilo tu. Neno la herufi nne, nami sikuwa nalo, na kwa kuwa sikuwa nalo mtu alikuwa amelala sakafuni jela na makovu ya viboko mgongoni.

Utafikiri nilikimbia kwa hakimu. Maitu, hapa ndipo naona aibu hata kushika kalamu.

Kutafsiri vibaya lilikuwa kosa. Ningekuambia hilo bila kutetemeka. Kila mkalimani ana neno lake alilolikosa. Lakini tangu asubuhi ile nilijua. Wafula alikuwa na miezi minane tu ndani. Niliandika maelezo ya kosa langu, ukurasa mmoja, nikatia sahihi. Nikafika mara mbili hadi mlangoni pa hakimu. Mara ya kwanza alikuwa na mgeni, nikashukuru. Mara ya pili alikuwa peke yake, akaniuliza nataka nini, nikasema nimeleta orodha ya kesi za kesho. Nilirudi mezani kwangu nikauchana ule ukurasa vipande vidogo, nikavitia mfukoni nikavitupa mtoni nikielekea nyumbani, nisije nikaviacha kwenye ndoo ya takataka.

Niliogopa kufutwa kazi. Hilo ni kweli, na ungeweza kunihurumia, kwa kuwa ulikuwa unakaribia sekondari. Lakini lililokuwa zito zaidi ni kwamba niliogopa kuitwa Profesa kwa kicheko. Nilijiambia kwamba atakata rufaa, na karatasi zitapita mikononi mwa watu werevu kuliko mimi, watalikamata lile neno wenyewe. Hakukata rufaa. Angeandikiwa na nani?

Nekesa alikuja kortini mara moja. Alinikuta barazani akaniuliza kama kuna karatasi ya kujaza ili mumewe asikizwe tena. Nikamwambia muda umepita. Muda ulikuwa umepita kweli, lakini kulikuwa na njia ya kuomba uongezwe, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaeleza watu njia hiyo kila wiki. Akasema asante. Baadaye nilisikia amepanda lori la mahindi lililokuwa likirudi tupu, akaenda kwao na mtoto.

Basi miaka ikaenda. Nilikuwa naamka, naoga, nachana nywele, naenda kuwasemea watu. Mama yako aliniuliza mara nyingi kwa nini siku hizi natafsiri polepole hivyo. Alikuwa amesikia sokoni watu wakisema nimezeeka. Kila mtu aliposema "kuibia" nilimsimamisha. Nikaanza kuuliza: ulimshika? Ulimtisha? Ulikuwa na kitu mkononi? Mahakimu wakanisifu kwa uangalifu. Hata hiyo nikaipokea.

Mwaka juzi nilikwenda Thika kununua viatu. Napita mahali wanapojenga, upande wa Makongeni, nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Karani." Nikageuka. Alikuwa amekaa juu ya jiwe na patasi mkononi, amekonda, mvi zimeanza. Alikuwa ametoka jela muda mrefu.

Nilitaka kukimbia. Yeye akasimama akavua kofia.

"Hujambo, mzee," akasema. "Mimi ni Wafula, wa baiskeli. Pengine umenisahau, unaona watu wengi."

Nikasema namkumbuka.

"Kuna kitu nimetaka kukuuliza tangu siku ile. Wenzangu kule ndani waliniambia nilijifunga na mdomo wangu mwenyewe. Wanasema mtu wa wizi wa baiskeli hapewi miaka mitano, lazima nilisema neno baya. Nimefikiria sana. Sijui ni neno gani. Wewe ulikuwa karibu, ulinisikia. Nilisema nini?"

Aliniuliza kwa adabu. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa kama mtu anayemwuliza daktari jina la ugonjwa uliompata.

Nikamwambia, "Ni mambo ya zamani, Wafula. Sikumbuki."

"Sawa, mzee," akasema. Akavaa kofia yake akarudi kwenye jiwe.

Nilipokuwa natoka, mtoa chai wa pale aliniambia nimefanya maajabu, maana yule jamaa haongei. Wanamwita Bubu. Anaweza kumaliza wiki nzima kwa ndiyo na hapana, na hata hizo anafikiria kwanza. Sikununua viatu.

Nyokabi, nimeua? Sikuua. Lakini nilimnyang'anya mtu imani ya mdomo wake, na hapo Kizungu hakitanisaidia kujificha, kwa sababu nilisimama mbele yake na nilimtazama usoni. Hiyo ni rob. Miaka mitano aliyoipoteza naweza kusema nilikosea. Ile siku ya Makongeni siwezi.

Wiki ya barua yako ya kazi ndipo niliposhindwa kula. Ulisema utakuwa kama mimi, na nikaona kama nimekukabidhi ugonjwa. Juzi Ijumaa nikaomba ruhusa, nikaenda Thika. Njiani nilijipangia maneno. Nilipofika yote yalikuwa yamepotea.

Wafula alikuwa pale pale, jengo limefika ghorofa ya pili. Nikamwambia, "Nimekuja kukujibu lile swali lako."

Akaweka patasi chini.

Nikamweleza. Sikupunguza kitu. Nilimwambia alichosema, nilichosema mimi, tofauti yake, swali la hakimu, jibu langu la majivuno. Nilimwambia kwamba nilijua miezi minane baadaye nikanyamaza. Nilimwambia kuhusu Nekesa na ile karatasi ya kuongeza muda. Nilimwambia kwamba mwaka juzi, nikiwa nimesimama hapo hapo, nilikumbuka kila neno.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hivyo nilisema sawa."

"Ulisema sawa kabisa."

"Siku ile kortini."

"Siku ile kortini. Kila neno lilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyesema vibaya."

Akainama akashika magoti. Nikadhani atanipiga na nikatamani anipige. Badala yake aliinuka akaita kwa sauti ambayo nadhani hata yeye hakuwa ameisikia kwa miaka: "Mwaura! Njooni hapa." Mwaura ni msimamizi wao. Akaja na mafundi sita, na yule wa chai. Wafula akaninyooshea kidole. "Huyu ni karani wa korti. Mzee, waambie."

Nikawaambia. Nilipofika mwisho akaja mwingine aliyekuwa juu kwenye ngazi, na Wafula akasema, "Huyu hajasikia. Anza tena." Nikaanza tena. Mara nne, Nyokabi. Mara ya nne nilikuwa silii tena, nilikuwa nasema tu, kama mtu anayesoma shtaka. Mwaura aliniuliza kama sina haya. Nikasema ninayo. Kijana mmoja akachukua jiwe, na Wafula akamwambia aliweke chini.

Halafu akaniuliza, "Kwa Kizungu ilikuwa iwe namna gani?"

"I stole a bicycle from him."

Akanifanya niirudie, naye akaifuata, neno kwa neno. Hajui Kizungu na hakipendi. Aliisema mara nyingi, kwa sauti ndogo, huku anatazama ukuta.

Nilimwomba msamaha. Alisema, "Hiyo ya msamaha ngoja kwanza." Kisha akataka kitu kimoja tu: nimwandikie hayo yote kwenye karatasi, kwa Kiswahili, na nitie jina langu na kazi yangu. Anataka kuituma kwa Nekesa. Mtoto sasa ana miaka tisa na ameambiwa babake ni mnyang'anyi. Nikaandika nimekaa juu ya mfuko wa simiti, kurasa mbili. Akaichukua, akaikunja, akaitia ndani ya shati. Akasema, "Sasa nenda."

Nikaenda. Sijui kama barua ile itamfikia Nekesa. Nasikia aliolewa tena. Sijui kama mtoto atakuja kumwona babake. Siwezi kukuambia kwamba moyo umepoa, kwa maana haujapoa. Tangu Ijumaa nimelala pengine saa mbili.

Kesho, ukishapanda gari, nitakwenda kwa hakimu wetu wa sasa na maelezo yangu, na safari hii sitasema nimeleta orodha ya kesi. Wanaweza kunifuta kazi. Wanaweza kunishtaki, sijui sheria inasemaje na nimeogopa kuisoma. Mama yako hajui. Nitamwambia leo mkisharudi, kabla ya chakula. Huenda jina langu likakutangulia huko unakokwenda, makarani wanaongea. Wakikuuliza kama wewe ni binti wa yule mkalimani, usikatae, na usinitetee.

Sina ushauri mwingi. Utafika na Kizungu kizuri kuliko changu, na hicho ndicho ninachokiogopa, kwa sababu ujinga wangu haukumfunga mtu peke yake. Ulisaidiwa na sifa. Siku hakimu atakapokuuliza, "Una hakika hilo ndilo neno lake?" utasikia kitu kinapanda kifuani kikitaka kusema ndiyo upesi. Mgeukie mtu wako kizimbani. Mwulize tena, kwa maneno mengine, hata korti nzima ikikasirika na saa ya chakula imefika. Na kama bado hujui, sema hujui. Mimi sijawahi kulisema neno hilo kortini miaka ishirini na miwili, na sasa nalitafuta mdomoni kama mtu anayetafuta jino lililong'oka.

Na kwa lile kofi, nisamehe ukiweza. Ulikuwa mtoto umekuja na ukweli mikononi, ukanipa mimi kwanza.

Nilikuwa nimekusudia kuificha barua hii chini ya nguo kwenye sanduku lako, uikute ukiwa umefika mbali. Nimeshafungua sanduku hata, nikalifunga tena. Hivyo ndivyo nimefanya mambo yangu yote, kungoja mtu awe mbali. Nitakupa mkononi ukiingia. Nitakaa kwenye kiti changu pale dirishani ukisoma, sitatoka nje, na ukimaliza uniambie lolote utakalotaka kuniambia. Kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, kwa Kizungu, kwa vyovyote. Nitakuelewa.

Baba